Gibson alistahili heshima hii akiwa hai

Makala niliyoisoma kuhusu besiboli imetaja kwa sentensi moja tu kwamba mwaka 2024 Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani iliingiza takwimu za ligi za wachezaji weusi za 1920 hadi 1948 kwenye rekodi zake. Jamani, hilo ndilo jambo lenyewe! Josh Gibson, mdakaji (anayedaka mipira nyuma ya mpigaji) aliyefungiwa mlango wa Ligi Kuu kwa sababu ya rangi yake, sasa anaongoza katika historia yote kwa wastani wa kupiga (sehemu ya majaribio ya kupiga mpira yaliyofanikiwa), 0.372, mbele ya Ty Cobb, aliyekuwa akishikilia rekodi hiyo. Alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi huo, hajaanza kuichezea Brooklyn Dodgers, timu ya Ligi Kuu. Inauma. Na wanaolalamika kwamba takwimu hizo hazifai kwa kuwa mechi za ligi zile zilikuwa chache, wajiulize nani aliwazuia wachezaji wale kucheza kwingine.