Kichujio kinalaumiwa bure

Ofisi za mawakala wa forodha hapa Mombasa, kuanzia Moi Avenue hadi Kilindini, huamkia barua pepe za mitambo: meli inakaribia, kontena limeshushwa, hati imepokelewa, malipo yamethibitishwa, nenosiri litaisha muda. Ukishauri zichujwe, yaani programu ya barua ipewe kanuni ya kuzipanga yenyewe kwenye folda, unajibiwa kwamba kichujio kitameza taarifa ya meli, siku za kuchukua kontena bila malipo zitapita, na demareji, tozo ya kuchelewa, itamwangukia wakala. Hofu hiyo ina msingi, maana demareji huhesabiwa kwa siku. Ila anayelaumiwa si mwenye kosa.

Kichujio kinachomeza barua, mara nyingi, ni kile kilichoagizwa kusoma mada. Tuseme karani ameamuru kila barua yenye maneno "Taarifa ya kuwasili" iende folda ya pembeni. Taarifa inaingia, inapangwa, hakuna tatizo. Baadaye ofisa wa kampuni ya meli anajibu juu ya barua ileile: jina la mpokeaji mzigo halilingani na hati, rekebisheni leo. Mada ni ile ile, imetanguliwa na "Re:" tu, basi kichujio kinaipeleka kulekule kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua kabla ya Ijumaa. Binadamu kazikwa pamoja na mashine. Mzigo unakwama, na ofisi nzima inaapa kutochuja tena. Kuchuja kwa anwani nako hakuokoi kitu ikiwa kampuni inatuma taarifa za mtambo na majibu ya wafanyakazi kwa anwani moja.

Maelezo ya kichwa cha ujumbe, yale yasiyoonekana mpaka uyafunue, yanaijua tofauti hiyo. Kiwango cha RFC 3834 cha mwaka 2004, mojawapo ya hati zinazoweka kanuni za mtandao, kilileta mstari uitwao Auto-Submitted: barua iliyoanzishwa na mtambo huandikwa auto-generated, na jibu la mtambo auto-replied. Mtu akijibu kwa mkono wake, mstari huo haufuatani na jibu. Kichujio kinachousoma kingeiweka kando taarifa na kumwacha ofisa wa meli mbele ya macho yako, mada iwe moja au isiwe. Upo pia mstari wa List-Id, wa RFC 2919 ya mwaka 2001, unaotaja orodha ya utumaji iliyotoa barua hata maneno ya mada yakibadilishwa kila wiki. Karani wa bandarini hafungui kontena ili ajue ni lipi. Anasoma namba ya ubavuni.

Wanaopinga wana hoja, tena si nyepesi. Watumaji wengi hawaiandiki mistari hiyo. Gmail, tegemeo la ofisi ndogo nyingi, huweza kuchuja kwa List-Id kupitia neno "list:", lakini Auto-Submitted haiutafuti. Programu za barua za Outlook na Thunderbird zinaweza kukisoma kichwa chote. Kisha kuna mifumo inayobeba maneno ya watu chini ya kichwa cha mtambo. Waandishi wa programu wanaotumia GitHub, tovuti ya kushirikiana kuandika programu, wanalijua hili: mwenzako akikuuliza swali, barua yake inakuja na List-Id ileile ya mradi mzima. GitHub angalau huongeza X-GitHub-Reason, unaoeleza kama umetajwa, umepewa kazi au umeombwa ukaguzi. Mfumo wa tiketi, ule unaopokea maswali ya wateja na kuyapa namba, usio na mstari kama huo, naafiki, uacheni bila kuchujwa. Na kwa kuwa kichwa huweza kughushiwa, kitumike kupanga barua, kisiwe cheti cha uaminifu.

Lakini kutochuja maana yake si kwamba hakuna anayechuja. Gmail imekuwa ikigawa barua kwenye vichupo (tabs) tangu 2013, kwa makisio ambayo karani hawezi kuyasoma wala kuyasahihisha mstari kwa mstari. Kanuni ya kichwa, ikikosea, unaifungua na kuona imekosea wapi.

Udhaifu uliobaki uko kwa watumaji. Mwaka 2024 Google ilipowataka wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail waweke, kwenye matangazo yao, mstari wa kujiondoa kwa mbofyo mmoja, makampuni mengi makubwa yalitii. Taarifa za mizigo na malipo hazikuguswa na sharti hilo. Kwa anayejenga mfumo wa kutuma taarifa hizo hapa mjini, Auto-Submitted ni mstari mmoja tu wa kuongeza, na wateja wa kampuni za meli wana haki ya kuudai.