Faini iliyolipwa kwa dagaa

Jirani yangu wa Igoma, hapa Mwanza, ameshikwa mara tatu akiendesha Hiace amelewa. Mara zote faini imetoka kwenye dagaa: mkewe anauza pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na mtaji wake wote ulikwenda mahakamani. Mara ya mwisho suka alirudi nyumbani jioni ile ile. Alfajiri akapita kwanza kunywa ya kuzimua ulevi wa jana, ndipo akaenda kwa tajiri kuomba gari.

Kesi yenyewe ipo hapo kwenye kuzimua. Mtaani tunaona ni mazoea tu. Kumbe mwili uliozoea pombe ukiikosa hutetemeka, jasho linamtoka mtu, moyo unakwenda mbio. Aliyezama sana akiacha ghafla bila tabibu anaweza kupata degedege, hata kufa. Huyu bwana anakunywa ili mikono ishike usukani. Faini ya ngapi itaituliza mikono hiyo?

Simtetei. Wanangu wanapanda hizo Hiace. Anyang'anywe leseni, na akae bila leseni mpaka athibitike ameacha pombe. Ila Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inashughulika na pombe aliyokuwa nayo siku ile, wala haiulizi kama anaweza kuiacha.

Kule South Dakota, Marekani, tangu 2005 waliopatikana na kosa hili hupuliza kipima ulevi asubuhi na jioni, kila siku. Ukikutwa na pombe, unalala mahabusu papo hapo, siku moja au mbili. Watafiti waliona waliokamatwa tena wakipungua kwa asilimia 12. Napenda ukali huo, lakini mimi ningeanza na daktari. Hapa kwetu Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 tayari inamruhusu hakimu kumpa mkosaji kazi badala ya kifungo. Kinachoshindikana ni nini kuongeza kliniki kwenye amri hiyo? Waathirika wa heroini walianza kupewa methadoni, dawa ya kuwasaidia kuiacha, hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Mlevi wa pombe naye ni mgonjwa, na hospitali ya Bugando ile pale juu mlimani, ina madaktari wa afya ya akili.

Mkewe aliniuliza, "Jirani, hawawezi kumfunga hospitali?" Nilikosa jibu. Juzi nimemkuta Mwaloni anaanza upya, na ndoo mbili za dagaa wa mkopo.