Maji yalikuwa yale yale

Kwetu Arumeru mwenye matege haulizwi kitu. Ni maji hayo. Na kweli floridi imo kwenye maji ya pande zile, ndiyo iliyotupaka meno rangi ya kahawia, na ikizidi hupinda hata mifupa. Kwa hiyo baba alipokuwa mfupi, magoti yameachana, na sisi mabinti zake wanne tukamfuata, kila zahanati iliandika neno moja: matege. Tukaambiwa tunywe maziwa, tule dagaa. Kaka zetu watatu miguu yao imenyooka kabisa, na walikunywa maji ya mfereji ule ule. Hilo hakuna aliyeliuliza.

Aliyeliuliza ni daktari huku Uingereza, mwaka wangu wa nane ugenini, nilipompeleka binti yangu ambaye magoti yalianza kuachana mara tu aliposimama na kutembea. Alichukua karatasi akachora ukoo: duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume. Alipofika kwa ndugu zangu, duara zote nne akazijaza wino, miraba mitatu akaiacha mitupu, akaweka kalamu chini. Baba mwenye ugonjwa huu huwarithisha mabinti wote, wala hamrithishi mwana wa kiume hata mmoja, kwa sababu hitilafu imekaa kwenye kromosomu X, kifungu cha vinasaba ambacho baba humpa binti tu. Unaitwa XLH. Figo zinamwaga madini ya fosfeti kwenye mkojo, mifupa inakosa cha kuikaza, na maziwa unywe hata ndoo nzima, miguu haitanyooka. Nililia pale pale, kwa ajili ya baba zaidi kuliko mtoto.

Baadaye tukaombwa idhini ya kuingia kwenye rejista ya kimataifa ya XLH, iliyoanzishwa 2017. Kila tukienda kliniki, urefu wa mtoto unaandikwa, na fosfeti ya damu, majipu ya meno, maumivu, dawa anazotumia. Rejista haitibu mtu. Lakini ugonjwa unaompata kama mmoja katika watu 20,000, daktari mmoja ataona wagonjwa wangapi maishani? Wakikusanywa kutoka nchi nyingi ndipo inajulikana mtoto akianza dawa mapema anakuwaje, na mtu mzima anaumwa nini akifika miaka 50. Sindano ya burosumabu, dawa ya XLH inayozuia figo kumwaga fosfeti, iliidhinishwa Ulaya na Marekani 2018, na hadi leo rejista inafuatilia wanaoichoma na wasioichoma.

Nikiyasema haya kwa watu wa nyumbani wananijibu kwamba rejista ni anasa ya matajiri, kwanza tupewe dawa. Sikubaliani nao hata kidogo. Sindano ni ghali mno, ndiyo, lakini fosfeti ya kunywa na vitamini D ile iliyo tayari kufanya kazi mwilini ni tiba za miaka mingi. Nani ataziagiza kwa ajili ya watu ambao kwenye vitabu hawapo? Sisi wote tuko ndani ya neno matege, tumechanganywa na mtoto wa floridi na mtoto aliyekosa jua na lishe. Na uwezo tunao: Muhimbili walianza kuandikisha na kufuatilia wagonjwa wa selimundu mwaka 2004, wakafikia maelfu. Daftari la mifupa lingekuwa dogo kuliko hilo.

Tena kuna kitu tunacho ambacho huku sijakiona. Daktari alipouliza habari za mama mzaa baba, sikujua. Nikampigia mama simu usiku ule ule, na kabla maji ya chai hayajachemka alikuwa ameshanipitisha vizazi vinne, nani alitembea vipi, nani aling'oka meno mapema, shangazi yupi alipasuliwa wakati wa kujifungua. Majirani zangu hapa wengi hawajui bibi wa baba yao aliitwa nani.

Nikamwomba mama ayaandike yote kwenye daftari la shule, jina, mwaka wa kuzaliwa, miguu. Juzi alinisomea, majina 19. Mwishoni akasita.

"Mwanangu, kuna huyu mjukuu wa shangazi yako. Ndiyo kwanza ameanza kutembea. Nimwandike, au tungoje tuone?"

Nikamwambia amwandike, na kesho yake wampeleke mjini akapimwe fosfeti.