Ngozi au Plastiki: Viatu vya Usiku vya Mtoto Mwenye Mguu Kifundo

Mpwa wangu alizaliwa nyayo zake zikiwa zimegeukia ndani na kutazamana kama viganja vya mtu anayekinga maji. Miezi miwili baadaye, baada ya kufungwa na kufunguliwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, mara sita na kukatwa kano ya kisigino, miguu yake ilikuwa imenyooka kiasi kwamba majirani waliomwona kwa mara ya kwanza hawakuamini tulichowasimulia. Siku hiyohiyo ya furaha ndipo dada yangu alipokabidhiwa jozi ya viatu vilivyounganishwa kwa ufito wa chuma, akaambiwa kwamba mtoto atalala navyo mpaka atimize miaka minne au mitano. Alivitazama, akamtazama mtoto, kisha akamuuliza mhudumu kwa sauti ya chini: "Miaka, dada, au miezi?"

Ni miaka. Kwa sababu hiyo, swali la viatu hivi vitoke wapi, vitengenezwe kwa nini na nani avilipie, ni zito kuliko linavyoonekana. Kuna wanaotetea viatu vya ngozi vinavyoshonwa na mafundi katika karakana za hapahapa Afrika Mashariki, na kuna wanaotetea viatu vya plastiki vinavyotoka kiwandani na kuletwa kwa makontena. Pande zote mbili zina hoja za kweli, na nimeona faida na madhara ya kila upande miguuni mwa mtoto mmoja.

Kwanza tatizo lenyewe. Mguu kifundo, yaani mtoto kuzaliwa unyayo umegeukia ndani, si jambo adimu. Kwa kadirio la kawaida humpata mtoto mmoja kati ya 800 hadi 1,000 wanaozaliwa, na utafiti uliofanyika Uganda ulipata watoto 1.2 kwa kila 1,000. Wavulana hupata karibu mara mbili ya wasichana, na takribani nusu ya watoto huwa nao katika miguu yote miwili. Kwa Tanzania, ambako huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka, hesabu hiyo inatoa watoto wapatao 2,000 au zaidi kwa mwaka. Mama hakukosea lolote, hakuvuka kitu, hakurogwa, na inasikitisha kwamba maneno hayo bado yanasemwa mbele ya wazazi walio katika siku zao ngumu kuliko zote.

Tiba inayotumika leo karibu duniani kote ni ya Dakta Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca nchini Hispania, ambaye alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, na kuanza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1940. Mguu hunyooshwa taratibu kwa mikono, hufungwa hogo, na kazi hiyo hurudiwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba. Watoto wengi kisha hukatwa kano ya kisigino kupitia tundu dogo, na hogo la mwisho hukaa wiki tatu. Kwa miongo kadhaa madaktari wengi waliipita njia hii wakipendelea upasuaji mkubwa, ambao mara nyingi uliacha miguu migumu yenye maumivu ukubwani. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya watu 45 waliotibiwa Iowa wakiwa wachanga, ambao kwa wastani walikuwa wamefikisha miaka 34: asilimia 78 kati yao walikuwa na miguu mizuri au mizuri sana, na katika kundi la watu waliozaliwa bila tatizo la miguu kiwango kilikuwa asilimia 85. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa mguu uliozaliwa umepinduka.

Lakini kazi ya hogo ni kunyoosha, na mguu ulionyooshwa bado unakumbuka ulikotoka. Kano na misuli ya upande wa ndani wa mguu huendelea kuvuta kwa miaka ya mwanzo ya ukuaji, na kinachozuia mvuto huo ni viatu tiba. Mtoto huvivaa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha kila anapolala, usiku na mchana, hadi umri wa miaka minne au mitano. Mguu uliotibiwa hutazamishwa nje kwa nyuzi 60 hadi 70. Kama ni mguu mmoja tu uliokuwa na tatizo, ule mzima nao huvalishwa kwa nyuzi 30 hadi 40, na hapo ndugu hupiga kelele kwamba mtoto anafungwa mguu usio na kosa. Maelezo yake ni rahisi: ufito unahitaji ncha mbili, kwa kuwa mguu mmoja ukinyooka wakati mtoto anarusha miguu, ndio unaouvuta mwingine kuelekea nje. Kifaa cha mguu mmoja pekee hakifanyi kazi hiyo.

Takwimu za Iowa zilizochapishwa mwaka 2004 zilionyesha kwamba mguu ulirudi kupinda kwa asilimia 6 tu ya familia zilizofuata maelekezo ya viatu, na kwa zaidi ya asilimia 80 ya familia ambazo hazikufuata. Kwa hiyo yeyote anayezungumzia ngozi na plastiki anapaswa kuanza na swali moja: ni kiatu kipi ambacho mtoto wa miaka mitatu, mwenye nguvu za kupiga teke na ulimi wa kukataa, atalala nacho usiku?

Upande wa ngozi una historia ya kujivunia. Ufito wenyewe si uvumbuzi mpya, kwani Denis Browne, daktari wa upasuaji wa watoto jijini London, alikuwa akitumia kifaa cha namna hiyo tangu miaka ya 1930. Njia ya Ponseti ilipokuwa ikienezwa Uganda, viatu vya kutoka Marekani viligharimu mamia ya dola kwa jozi, bei ambayo hakuna mkulima wa Masaka wala wa Singida angeimudu. Michiel Steenbeek, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Katalemwa Cheshire Home, kituo cha watoto wenye ulemavu nje kidogo ya Kampala, alibuni kiatu kinachotengenezwa kwa vitu vinavyopatikana sokoni: ngozi, kitambaa cha ndani, plaiwudi, na nondo nyembamba inayochomelewa. Anayejua kushona viatu, akiwa na cherehani, kisu na fundi wa kuchomelea jirani yake, anaweza kufundishwa kukitengeneza. Mbele kimeachwa wazi ili vidole vionekane, na nyuma kina tundu dogo ambalo kwalo mzazi huona kama kisigino kimekaa chini au kimepanda. Sijui kama kuna tundu lenye manufaa makubwa zaidi katika tiba ya watoto, maana linampa mama asiyejua kusoma uwezo wa kukagua kazi ya daktari kila usiku.

Watetezi wa ngozi wana hoja nyingine inayozidi bei. Kiatu cha fundi hutengenezeka. Ukanda ukikatika, fundi viatu wa sokoni anaushona kwa dakika chache. Mtoto mwenye mguu mfupi na mnene, ambao ni mgumu kukaa katika kiatu chochote, anaweza kupimwa na kushonewa chake. Zaidi ya hapo, karakana inayoshona viatu hivi ndiyo hiyohiyo inayotengeneza miguu bandia, vyuma vya waliougua polio na magongo ya walioumia kwa bodaboda. Kituo cha kufundisha wataalamu wa viungo bandia kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikitoa wataalamu tangu 1981 kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika. Ukiiondolea karakana ya mkoa kazi yake ya kila wiki, usishangae fundi akihamia kushona viti vya magari, na siku mtu mzima atakapohitaji mguu bandia atakuta mlango umefungwa.

Upande wa plastiki nao hauna hoja nyepesi. Shirika la MiracleFeet la Marekani, likishirikiana na watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, lilibuni kiatu ambacho gharama ya kukitengeneza haifiki dola 20. Kila jozi inatoka sawa na nyingine, kwa hiyo pembe za nyuzi hazitegemei kama fundi aliamka na homa siku ile. Plastiki haivuti mkojo. Aliyewahi kushika kiatu cha ngozi kilicholala miezi minane na mtoto asiyevaa nepi usiku anajua jinsi kinavyokauka, kikawa kigumu kama kuni na kuanza kuchubua. La muhimu kuliko yote, kiatu hubanduliwa kwenye ufito bila kukivua mguuni. Katika miezi mitatu ile ya saa 23, mama anaweza kubandua ufito, akambeba mtoto mgongoni kwa mbeleko, akapanda daladala, akashuka na kuurudisha. Kwa ufito uliochomelewa, mama ama anamvua mtoto viatu vyote ama anambeba mbele kama mzigo wa kuni uliokaa mshazari, huku abiria wakimuuliza maswali njia nzima. Dada yangu alikuwa akisubiri magari matatu yapite mpaka apate lenye nafasi. Kuna siku hakusubiri, akamvua mtoto viatu asubuhi na kumrudishia jioni. Ndivyo saa 23 zinavyogeuka 14 bila mtu kudhamiria ubaya.

Hapa sina budi kusema lisilopendeza kwa sisi tunaopenda cha nyumbani. Ubora wa viatu vya ngozi haulingani kati ya karakana na karakana. Jozi ya kwanza ya mpwa wangu ilikuwa pana kisiginoni. Mguu ulichomoka kila usiku, na kwa wiki tatu tuliambiwa kwamba mtoto ni mtundu na mama hafungi vizuri. Fundi mwingine, mzee mmoja mtulivu, alipokitazama kiatu alichomeka kidole nyuma ya kisigino, akakizungusha, akasema: "Mama, wewe huna kosa. Kalibu iliyoshonewa kiatu hiki ilikuwa ya mtoto mkubwa." Akaongeza kipande cha sponji na kushona upya ukanda wa kati, na usiku ule mguu haukutoka. Kisa hicho kinanifundisha pande zote mbili kwa pamoja: kosa lilitoka katika mikono ya fundi, na fundi ndiye aliyelirekebisha papo hapo, kwa bei ya nauli. Kiatu cha plastiki kisingekuwa na kosa lile, lakini kama kingelikuwa nalo, asingepatikana wa kulirekebisha.

Hoja ya kujitegemea nayo husemwa kwa ujasiri kuliko inavyostahili. Ni kweli kwamba kontena la msaada linaweza kukwama bandarini, na mfadhili anaweza kubadili vipaumbele vyake. Lakini ngozi, gundi na nondo za karakana nyingi nazo zimenunuliwa kwa fedha za wafadhili, na fedha hizo zikikauka fundi hukaa mikono mitupu vilevile. Tofauti iliyopo ni kwamba mradi wa karakana ukifa unaacha mtu anayejua kazi, na mradi wa kontena ukifa unaacha boksi la saizi ambazo hazimtoshi mtoto yeyote.

Nikipima yote haya, naona tunakosea tunapochagua kimoja na kukiondoa kingine. Kwa miezi mitatu ya kwanza, pale plastiki ilipo, mtoto apewe plastiki, kwa sababu ufito unaobanduka unaokoa saa ambazo mama wa mjini na wa shambani wote wanazipoteza njiani. Baada ya hapo, viatu vinapokuwa vya kulalia tu, faida ya kubandua inapungua sana, na faida ya fundi aliye karibu inaongezeka mwaka hadi mwaka, kwa kuwa mtoto anabadilisha saizi mara kwa mara na mikanda inachakaa. Karakana za mikoa zipewe kazi hiyo kwa mkataba unaolipwa kwa idadi ya jozi zilizokaguliwa, zenye kalibu za vipimo vilivyokubaliwa, na kiatu kinachoteleza kisigino kirudishwe bila mzazi kulaumiwa. Pesa isitoke mfukoni mwa mzazi. Wapo wanaosema mchango mdogo humfanya mtu athamini alichopewa. Mzazi anayepoteza siku nzima ya kibarua na kulipa nauli mara mbili kila safari ameshachangia zaidi ya bei ya kiatu. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na viatu tiba vinastahili kutajwa kwa jina katika mafao yake, jozi zote hadi mwaka wa tano, badala ya ile ya kwanza peke yake.

Na kuna jambo ambalo si ngozi wala plastiki litakalolitatua. Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka huohuo wa 2004 ulikuta kwamba mguu kurudi kulihusiana pia na kiwango cha elimu ya wazazi. Wengine husoma matokeo hayo kama lawama. Mimi nayasoma kama maagizo kwa anayetoa maelezo: kama mzazi mwenye elimu ndogo anashindwa mara nyingi zaidi, basi maelezo yetu yameandaliwa kwa ajili ya mwingine. Baba na bibi waitwe kliniki, waonyeshwe tundu la kisigino, waambiwe kwa nini mguu usio na tatizo nao unafungwa, wasikie kwamba mtoto atalia siku mbili tatu kisha atazoea. Bibi akishawishika, viatu haviondolewi usiku kwa huruma.

Mpwa wangu sasa ana miaka mitatu na nusu, yuko kwenye jozi ya tano. Ya nne ilikuwa ya plastiki. Hii ni ya ngozi, kwa sababu saizi yake ya plastiki ilikuwa imekwisha. Kila usiku, akishalala, dada yangu humulika tochi ya simu katika tundu la nyuma la kila kiatu, akiona kisigino kimegusa chini huvuta shuka na kuzima taa.