Mtoto Alikula Nini?

Kitabu kinazunguka kwenye magrupu ya kina mama wa ofisini hapa Dar, kila status "lazima usome". Mama mkurugenzi anasimulia maisha yake: watoto watatu, safari za nje, ndoa imesimama. Kurasa kuhusu baba yake zinatoa machozi, sibishi. Lakini akifika kwenye kurudi kazini baada ya uzazi, anasema Mungu alimtia nguvu, na ukurasa unaofuata yuko mkutanoni Nairobi.

Sawa. Mtoto alikula nini?

Likizo ya uzazi kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mmoja. Kliniki wanakwambia mtoto anyonye maziwa ya mama tu hadi miezi sita. Piga hesabu: kuna miezi mitatu na ushee mama yuko ofisini Posta, katikati ya jiji, mtoto yuko nyumbani Mbagala, pembezoni. Hiyo ndiyo sura ambayo ningeitolea hela.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Haya, toka Posta mchana, fika Mbagala, nyonyesha, rudi. Kwa foleni ipi? Wanaojua huomba saa hizo ziwekwe mwisho wa siku, watoke saa tisa badala ya saa kumi na moja, na huomba kwa barua kabla likizo haijaisha, si kwa mdomo kwenye korido.

Muda unaobaki ni wa kukamua. Mtoto wa umri huo hunywa kama mililita 750 kwa siku nzima. Ukiwa nje kwa saa kumi, kadiria 300 hadi 350. Hazipatikani usiku wa kuamkia kazini. Anza wiki mbili kabla, kamua kila asubuhi baada ya kunyonyesha, wakati maziwa ni mengi, gandisha. Nawa kwa sabuni, tumia chombo safi chenye mfuniko, andika tarehe, ya zamani yatangulie. Kwa mkono, weka gumba juu na vidole chini, nyuma ya ile sehemu nyeusi. Sukuma kuelekea kifuani kwanza, ndipo ubane. Ukivuta chuchu utaumia bure.

Ofisini usipitishe muda wa saa tatu bila kukamua. Ukingoja hadi nyumbani, matiti yanajaa, yanauma, yanalowesha blauzi katikati ya kikao. Mbaya zaidi, maziwa yasipotolewa mwili hupunguza kuyatengeneza. Baada ya wiki chache utasema yamekauka, na mawifi watasema umelogwa.

Halafu joto. Ule mwongozo wa maziwa kukaa nje ya friji kwa saa nne ni wa chumba chenye nyuzi 25. Dar ya Februari? Yaingie kwenye mfuko wa baridi wenye barafu papo hapo. Friji ya nyumbani hutunza siku nne, ukiyaweka ndani kabisa, si mlangoni. Umeme ukikatika usiifungue ovyo. Yapashe kwa kuzamisha chombo kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, si juu ya jiko, si kwenye maikrowevu. Aliyoyabakiza mtoto, saa mbili zikipita mwaga, hata kama roho inauma.

Unakamulia wapi? Ofisi nyingi, chooni. Mwenzetu wa kitabuni alikuwa na ofisi yenye mlango na ufunguo, na hilo hakulipa hata aya moja.

Baba ana siku tatu za likizo. Nimemaliza.

Na mama ntilie wa Kariakoo hana hata wa kumwandikia barua.

Nani anamnywesha mtoto kwa kikombe? Dada wa kazi. Kitabuni ametajwa kwenye shukrani, jina la kwanza tu, baada ya dereva. Mpe siku kumi za kuzoea kulisha wakati wewe hauko chumbani, maana mtoto akisikia harufu ya mama, kikombe hakitaki. Amkalishe wima kidogo, kikombe kiguse mdomo wa chini, mtoto arambe mwenyewe; akimiminiwa atapaliwa. Na mshahara wake uingie tarehe mliyokubaliana. Akifunga begi Jumatatu alfajiri, zile mililita 300 zitabaki kwenye friji na wewe utapiga simu ofisini kuomba ruhusa.