Mtoto wa Padre Naye Ana Baba

Jumamosi tulimzika padre. Misa ilikuwa ndefu na nzuri, askofu mwenyewe yuko altareni, mapadre kwa makumi wamevaa kasula nyeupe, kwaya nne, mahema yamefika hadi uwanja wa shule ya msingi. Parokia siitaji. Walio upande huu wa Kakamega wataijua, na walio mbali wana ya kwao inayofanana nayo.

Wasifu ukasomwa: seminari, upadrisho, parokia alizohudumu, zahanati aliyoijenga. Kisha msomaji akasema marehemu hakuacha mke wala mtoto, sisi sote ndio watoto wake. Watu wakapiga makofi. Mimi mikono ilikataa, kwa sababu kando ya tangi la maji alikuwa amesimama kijana wa miaka 27 mwenye paji la marehemu, masikio ya marehemu, hata ile tabia ya marehemu ya kufunga mikono nyuma. Mama yake alikuwa ubavuni mwake, macho chini. Wakaitwa ndugu, wajomba, wapwa, mpaka mpishi wa nyumba ya mapadre akaitwa atupe udongo. Wale wawili hakuna aliyewaita.

Kwetu Magharibi jambo hili ni zito kuliko linavyosikika. Mzee mwenye wake watatu na mwingine wa siri Nakuru akifa, huyo wa Nakuru hutafutwa, watoto wake husimamishwa mbele ya watu, wanaonyeshwa dada na kaka zao, wanatupa udongo. Tunagombana, tunalia, lakini mtoto hazuiwi kumzika baba yake. Jumamosi sisi tulimzuia, tena mbele ya msalaba.

Mama huyo niliimba naye kwaya, sauti ya kwanza. Alikuwa na miaka 19 tumbo lilipoanza kuonekana. Alitolewa kwenye kwaya, akazuiwa komunyo, jina lake likajadiliwa jumuiyani na wanawake waliojua vizuri mimba ile ni ya nani. Padre alihamishiwa parokia nyingine upande wa ziwani, akapokelewa kwa ngoma. Mama alihamia Kisumu, akauza mitumba katika soko la Kibuye, akamlea mtoto. Bahasha ilikuwa inaletwa na katekista mara mojamoja, mpaka mtoto alipofika darasa la tano; baada ya hapo haikuja tena. Kwenye cheti cha kuzaliwa, mahali pa jina la baba pamewekwa alama za X. Watu wawili walitenda jambo moja. Mmoja alisimamishwa sakramenti, mwingine aliendelea kuziadhimisha kila asubuhi.

Najua nitaulizwa kama nataka mapadre waoe. Sijui, na leo silo linaloniuma. Mtume Petro alikuwa na mama mkwe, Injili inasema alikuwa kitandani na homa. Ni Mtaguso wa Pili wa Laterano, mkutano mkuu wa Kanisa wa mwaka 1139, uliotamka kwamba ndoa ya mtu mwenye daraja takatifu ni batili. Hata leo Wakatoliki wa Ukraina wa mapokeo ya Mashariki na Wamaroni wa Lebanoni wana mapadre wenye wake, na wako chini ya Papa yuleyule wetu. Kwa hiyo useja, yaani padre kutooa, ni sheria ya Kanisa la Kilatini, ndilo letu, na Kanisa linaweza kuibadilisha likitaka.

Tena nakiri, ingawa kwa uzito: useja wa kweli nimeuona. Kardinali Otunga alizaliwa Chebukwa kule Bungoma, mtoto wa Chifu Sudi Namachanja, katika boma la wake wengi. Kwa Wabukusu mwanamume kukataa kuzaa ni kuzima jina la ukoo wake, na yeye alichagua njia hiyo macho wazi, akakaa nayo hadi alipofariki mwaka 2003. Na paroko aliyemkimbiza mama yangu hospitalini saa nane za usiku, mvua inanyesha, barabara imekuwa matope matupu, aliweza kutoka mara moja kwa kuwa hakuwa na mtoto mgonjwa nyumbani. Sitasahau usiku ule.

Ninachokataa ni kwamba sifa ya useja inatunzwa kwa kumficha mtoto. Mwaka 2019 Vatikani yenyewe ilikubali kwamba ina mwongozo wa ndani kuhusu mapadre waliozaa, na msingi wake ni kwamba mtoto alindwe, na padre aombe kuacha huduma ili abebe wajibu wa baba. Roma imeliandika. Hapa kwetu linanong'onwa nyuma ya jiko la parokia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au la. Haikusema isipokuwa baba akiwa padre.

Na huu ugumu wetu wa kuongea habari za mwili unawaangukia wanawake peke yao. Tangu waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968 uliokataza dawa za kuzuia mimba, mama zetu wamehojiwa kitubioni kuhusu vidonge vya kupanga uzazi, hali wana watoto tisa na mume mlevi. Binti akibeba mimba anakalishwa viti vya nyuma. Lakini jimboni hakuna ofisi ambako binti huyohuyo anaweza kuingia na kusema mwenye mimba hii ni padre fulani, kisha akapewa kiti, akasikilizwa.

Baba Askofu, naomba ofisi hiyo. Naomba pia, kabla ya wasifu wa padre yeyote kusomwa tena, asiandikiwe kwamba hakuacha mtoto kama kamati ya mazishi inajua alimwacha. Heri mnyamaze kuliko mtutake tupige makofi.

Jana jioni mama yule alinipigia simu. Kijana anataka kumwombea baba yake Misa, sadaka ya Misa hiyo ameshaitenga. Kinachomtesa ni karani wa parokia, ambaye atafungua daftari na kumwuliza marehemu ni nani wake. Tumekubaliana twende pamoja Jumanne asubuhi, na akiulizwa, atajibu.