Presha ya hewa kwenye mkono wa gramafoni: ipandishwe au iachwe?

Mkono wa gramafoni wa beringi ya hewa hauegemei gololi. Hewa hupenya matundu madogo sana, hutanda utando mwembamba kuzunguka mhimili, na mkono huteleza kwa mstari ulionyooka kuelekea katikati ya santuri. Wanaoutumia hawakubaliani kuhusu presha. ET-2, mkono wa aina hiyo wa kampuni ya Eminent Technology alioubuni Bruce Thigpen miaka ya 1980, huelea kwa takriban psi 3 (paundi kwa inchi ya mraba, kipimo cha presha), lakini wapo wenye nao walioipandisha presha hadi 15 na zaidi.

Wanaopandisha wana hoja nzito. Presha ikipanda, utando wa hewa unakuwa mgumu, na sindano inapotikiswa na mfuo wa santuri, mhimili hautikisiki nayo. Besi inakaa imara, ala zinatengana vizuri.

Wanaoiacha chini nao hawajakosea. Pampu haitoi hewa kwa mkondo mmoja, inaipiga mapigo mapigo, na mapigo hayo yakifika kwenye mhimili yanasikika. Hewa iliyobanwa hutoa maji ikipoa, na tone moja linatosha kuziba tundu. Tena beringi ina nafasi yake ya kuelea iliyopimwa kiwandani. Ikilishwa hewa kupita kiasi inaweza kuanza kutetemeka yenyewe. Ndiyo maana namba ya mkono mmoja haihamishiki kwenye mwingine.

Mimi naunga mkono kupandisha, ila nasikitika kuona watu wanaanzia hapo. Weka kwanza tangi la kutuliza mapigo na kichujio cha kunasa maji. Kisha inua sindano juu ya santuri, washa hewa, utazame mkono. Ukiondoka wenyewe kwenda upande mmoja, gramafoni haijasawazika, na presha hairekebishi mteremko. Mkono ukirudi nyuma kama umevutwa, angalia nyaya nyembamba za katriji, kile kipande kinachoshika sindano: zikiwa ngumu zinafanya kazi ya springi. Kosa hilo nimelitafuta kwenye geji ya presha jioni nzima, kumbe lilikuwa kwenye waya uliopinda.

Vyote vikitulia, panda psi moja moja, ukibaki ndani ya kiwango alichoruhusu mtengenezaji. Kila hatua, sikiliza wimbo uleule wenye besi nzito, kisha ule ukimya kati ya nyimbo mbili. Mvumo ukianza kusikika kwenye ukimya huo, rudi hatua moja chini.